Planshi ya Kalala na Korbiyar Yangu

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani. Asante sana, inatembea vizuri, na mke wangu Sofi ameshaitundika juu ya kabati. Lakini niambieni ukweli, vijana: mtu mmemwondoa kazini, halafu mnampa saa, aangalie amechelewa wapi? Bora mngenipa ile bisibisi ndefu yenye mpini wa mbao. Najua iko kwa mmoja wenu, na najua ni nani, ila leo sitamtaja.

Kwenye hotuba mkasema sikio la Papa Ferdi halina mfano. Mkapiga makofi. Mimi nikacheka kwa meno ya mbele tu, maana sikio la karakana yetu lilikuwa la mtu mwingine. Jina lake Kalala. Mimi nililirithi kwa sababu yeye aliondoka. Kama angebaki, mngemuaga yeye, na mimi ningekuwa nyuma kule nawafungulia watu chupa za soda. Ya vyeo vyangu mtayakuta ofisini, kama panya hawajayamaliza. Mimi nataka kuwaandikia jinsi kazi hii ya rulema ilivyotuingia mwilini, na siwezi kuiandika bila Kalala, hata ikiniuma. Na itaniuma, kwa sababu mimi ni mtu wa wivu. Nilizaliwa hivyo, na umri haukunipunguzia hata kidogo.

Tulizaliwa Shituru, hapa Likasi, kwenye nyumba za kampuni, zile zilizojengwa mbilimbili. Ukuta mmoja tulikuwa tunautumia sote: upande huu kitanda changu, upande ule kitanda cha Kalala. Baba yangu alikuwa fundi wa mashine, mtu wa vijiji vya hapa hapa karibu. Baba yake alikuja kutoka Kasai akiwa kijana bila ndevu, akafanya kazi kwenye reli ya kiwanda mpaka akafa. Mama yake, Mama Ngalula, alikuwa na cherehani, na sauti iliyofika mpaka kanisani.

Wakati ule kila mtoto wa Shituru alitaka kitu kimoja tu: planshi. Ulikuwa unatafuta ubao wa sanduku la vipuri. Chini yake unapigilia miti miwili, mmoja mbele, mmoja nyuma, na kwenye ncha za miti hiyo unagongea rulema nne. Ninyi rulema mnazijua; kwa mjukuu wangu atakayeokota karatasi hizi, ni pete mbili za chuma, moja ndani ya nyingine, na katikati gololi zinazofanya pete izunguke bila kusaga. Zikichoka kwenye mashine, baba zetu walizileta nyumbani mfukoni. Kwa pampu zilikuwa takataka, kwetu zilikuwa mpya kabisa.

Barabara ya kushuka kutoka kanisani hadi kwenye reli ilikuwa na lami. Ndiyo, lami, bila shimo hata moja, waulizeni wazee wenu. Tulianza kwa kushuka tumekaa, halafu tumepiga magoti, halafu wenye roho ngumu wakasimama wima, mikono imenyooshwa. Chuma juu ya lami kinapiga kelele ya kuamsha wafu. Mama zetu walikuwa jikoni wanasonga bukari, na bila kutoka nje walijua ni mtoto wa nani anashuka. Sisi wenyewe tulijua zaidi. Tulijua rulema ipi imeingiwa na mchanga, ipi imepasuka pete, ipi itakufa kesho. Sikio lenu mnalolisifia lilianzia pale, kwenye magoti yaliyochunika.

Kalala alikuwa na ujanja wake. Aliosha rulema zake kwa petroli mpaka grisi yote ikatoka, kisha akadondoshea tone la mafuta ya cherehani ya mama yake. Ukizizungusha kwa kidole ziliimba mpaka unachoka kungoja zinyamaze. Nami nilitaka zangu ziimbe hivyo. Baba akanikatalia. "Minye sitaki kuona rulema kavu ku nyumba yangu," alisema, na yeye mwenyewe akazipaka grisi kwa kidole gumba, kama anampaka mtoto mchanga mafuta. Basi planshi yangu ikawa inashuka polepole, kimya, kwa heshima zake zote. Watoto wakaipa jina: Korbiyar, yaani gari la kubebea maiti. Nikianza kushuka, wale mashetani walijipanga kando ya barabara, wanavua kofia, wanainamisha vichwa, kama watu wazima wanavyofanya msiba unapopita. Na wa kwanza kuvua kofia alikuwa Kalala.

Halafu ikaja ile ya kweli. Mhandisi mmoja wa Ulaya alikuwa anakaa kwenye nyumba za wakubwa, zile zenye bustani, na mtoto wake wa rika letu aliletewa planshi ya dukani. Ilikuwa ya plastiki, rangi ya chungwa, fupi, nyembamba, mkia umeinuka kidogo. Magurudumu yake yalikuwa mekundu, na ukiyainua juani unaona mwanga ndani. Haikupiga kelele, ilinong'ona tu. Ukiegemea upande, nayo inapinda yenyewe, kwa sababu kulikuwa na mpira kati ya ubao na vyuma vya chini. Likizo nzima mimi ndiye niliyempandishia yule mtoto planshi yake mlimani, ili nipewe zamu ya kushuka mara moja moja. Kalala alikuwa anakuja tu, anapanda, anashuka amesimama mguu mmoja, anaondoka. Familia ile iliporudi kwao, yule mtoto akampa planshi nani? Kalala! Nikamuuliza kwa nini. Akanijibu bila ubaya wowote kwamba Kalala ndiye anayejua kuipanda.

Siku hizi nasikia huko Ulaya planshi kama ile, za wakati ule, watu wanazitundika ukutani kama picha ya harusi, na wazee wa rika langu wakizishika wanatokwa na machozi. Nawaelewa kabisa. Tofauti ni kwamba wao wanazililia za kwao, na mimi naililia ya Kalala.

Tuliingia kazini asubuhi moja, yeye na mimi, tumevaa makoti mapya yaliyotubana mabega. Bwana wa karakana ya rulema alikuwa Papa Mumba, mtu mfupi mwenye aproni ya ngozi na sigara sikioni ambayo sikuwahi kuiona imewashwa. Hakutuuliza cheti. Alitupeleka kwenye pampu inayofanya kazi, akaweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya chuma kinachofunika rulema, akaniambia nitie mpini sikioni.

"Unasikia nini?"

"Nasikia mashine, papa."

"Mashine hata kiziwi anasikia. Weye mwengine, kuja."

Kalala akaweka sikio, akafumba macho. "Nasikia mbili, papa. Moja inaimba, moja inakwaruza. Ile ya kukwaruza iko upande ya mota."

"Nani alikufundisha?"

"Barabara," Kalala akasema.

Papa Mumba akacheka hadi sigara ikaanguka. Aka! Tangu saa ile nikajua nitakula vumbi la mtu huyu mpaka uzeeni. Mimi nilishuka barabara ileile, nikasikia kelele zilezile, ila jibu zuri lilikwenda kwenye mdomo wake.

Msidhani alikuwa malaika. Wiki chache baadaye alifanya kosa ambalo mtu asiyewahi kupanda planshi hawezi kulifanya. Rulema mpya ilifika kutoka stoo imefungwa kwenye karatasi ya nta, ndani imejaa grisi safi. Kalala akaizungusha kwa kidole, akaona nzito, akakunja uso. Akaiosha kwa petroli mpaka ikang'aa, akadondoshea mafuta mepesi, akaizungusha tena. Iliimba kama za Shituru. Akaja kunisikilizisha, amefurahi kweli, kisha akaifunga kwenye pampu. Kabla ya saa ya kula, pampu ikatoa moshi, na shafti, chuma kinachozunguka ndani ya rulema, ikawa buluu kama koo la njiwa.

Papa Mumba alikuja, akaangalia, akavua aproni, akakaa juu ya sanduku. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni ya pampu yangu, ambayo niliitia grisi kama baba alivyonifundisha, na nilikuwa nimeshaanza kumhurumia Kalala kwa raha kabisa. Nikasema leo ndiyo leo.

"Weye ulikuwa unapanda planshi," Papa Mumba akamwambia. Hakuuliza, alisema tu.

"Ndiyo, papa."

"Ku planshi unataka mbio, na anayepanda ni mutoto mwembamba. Hii pampu inabeba muzigo muchana na usiku, haishuke chini hata siku moja. Umeelewa?"

Basi! Hakumfukuza. Alimpa ile rulema iliyoungua aiweke juu ya meza yake ya kazi, na tangu hapo akawa anamfundisha yeye kwanza, sisi wengine tunasikia kwa pembeni. Pampu yangu ilizunguka salama miaka na miaka, wala hakuna mtu aliyekuja kuisifu. Mtalizoea hilo, vijana. Mashine isiyolia haina anayeikumbuka.

Niwape basi nilichosikia kwa pembeni. Msijaze grisi. Kijana mpya anadhani grisi nyingi ni mapenzi. Grisi ikijaa, rulema inakosa nafasi, inachemka. Jazeni theluthi moja ya nafasi, basi. Msigonge pete ya nje mnapoitia kwenye shafti, gongeni ya ndani, na kwa bomba, si kwa nyundo tupu. Mikono iwe safi kuliko ya kula. Na kabla ya kusema rulema ni mbaya, ulizeni kwanza kitu kilichoishika.

Hili la mwisho nililipata kwa aibu. Kulikuwa na feni kubwa upande wa tanuru ambayo kila msimu wa baridi ilitetemeka asubuhi, ikitulia jua likipanda. Nilitumwa mimi. Nilisikiliza asubuhi nzima, nikaandika kwamba rulema ya mbele imekufa, nikaing'oa kwa kile chombo cha miguu mitatu, nikatia mpya. Kesho yake feni ikatetemeka vilevile. Akaitwa Kalala. Hakugusa rulema. Alilala chini kwenye saruji, akaweka kiganja juu ya msingi, akakaa hivyo kama mtu anayemsikiliza mtoto tumboni. Akasema boliti moja ya msingi imelegea. Chuma kikipoa kinasinyaa, boliti inaachia, kikipata joto inakaza tena. Tulikaza boliti ile, feni ikanyamaza. Niliyekaza ni mimi, kwa mikono yangu hii. Papa Mumba akamkabidhi Kalala bisibisi yake mwenyewe, ile ndefu ya mpini wa mbao. Nilirudi nyumbani nikamgombeza Sofi kwa chumvi ambayo haikuwa nyingi.

Ndipo ikaja miaka ya tisini, na kila kitu kikaanza kulegea kwa pamoja. Vipuri havikuja tena. Tulianza kula mashine zetu wenyewe: tunatoa rulema kwenye pampu iliyokufa, tunaitia kwenye inayokata roho, na ile ikifa tunazifungua zote mbili kuokoa ya tatu. Kelele ya kiwanda ilipungua mpaka tukawa tunasikia majogoo wa mtaa wa Kikula. Vibanda vya karakana vilibaki na kutu na popo. Papa Mumba aliendelea kuvaa aproni kila asubuhi, anafagia, anatupanga kazini kama kawaida, ingawa kazi ilikuwa ya kutengenezea wachuuzi magurudumu ya mikokoteni.

Wakati huo nilijitengenezea planshi kubwa ya kumbebea Sofi mifuko ya bunga kutoka soko la Kikula. Ubao wake ulikuwa mlango wa kabati, na rulema zilikuwa za pampu, pana kama sahani ya chai, zimepakwa grisi kama alivyotaka marehemu baba. Ilibeba mifuko mitatu bila kulalamika. Jirani wa kwanza kuiona alisema nini? Korbiyar! Jina lilikuwa limenisubiri miaka yote hiyo.

Jumapili baada ya misa hatukuwa na la kufanya, basi Kalala na mimi, wanaume wenye wake na watoto, tukarudi kwenye mteremko wa utoto wetu. Lami ilikuwa mashimo matupu. Yeye alitoa ile planshi ya chungwa, ambayo aliitunza kama nguo ya ubatizo, akashuka amesimama, kitambi mbele, anakwepa mashimo kwa kiuno. Kila shimo likawa nafasi ya kujionyesha. Mimi nilishuka nyuma yake nimekaa, navunja mwendo kwa kisigino. Watoto walipiga makofi na miluzi, na kati yao walikuwemo wangu, wawili, wa damu yangu, wanapiga kelele "Papa Kalala! Papa Kalala!" Niambieni kama kuna mwanamume angevumilia. Na bado, nikizikumbuka kazi zangu zote, siku nilizozipenda kuliko nyingine ni zile ambazo hapakuwa na kazi.

Kisha maneno ya mjini yakabadilika. Watu ambao baba zao au babu zao walitoka Kasai wakaambiwa hapa si kwao, waende. Yalianza kama maneno, yakawa mawe juu ya mabati, yakawa mambo ambayo sitayaandika. Kalala alizaliwa upande wa pili wa ukuta wangu, Kasai hakuwahi kuiona hata kwenye picha. Asubuhi moja tulikuta kabati lake la kazini limeandikwa kwa chaki: rudi kwenu. Papa Mumba alichukua kitambaa chenye mazuti, yale mafuta mazito ya tanuru, akafuta herufi moja moja. Baada ya hapo Kalala hakuja tena kazini. Aliacha bisibisi juu ya meza yake.

Familia zilihamia kituo cha treni, zinalala nje chini ya mashuka, zinangoja. Watu walikuwa wanaugua pale, na wengine walizikwa hapohapo karibu. Kalala aliwapeleka mke na watoto, akabaki na mama yake nyumbani, kwa sababu Mama Ngalula alikuwa ameanguka kwenye bomba la maji, nyonga imevunjika, hawezi hata kukaa. Asubuhi moja akaja mlangoni kwangu. Hakuingia ndani.

"Ferdi, Korbiyar iko?"

"Iko."

"Treni imefika, wanapakia. Inaondoka leo. Hakuna anayejua ingine itakuja lini. Nimeomba wenye mikokoteni wote, wanaogopa kutubeba." Akageuka kuangalia kwake. "Mama akibaki, watamukuta peke yake."

Nitawaambia ilivyokuwa. Kitu cha kwanza kilichonipanda kifuani ni furaha. Kalala ananiomba mimi planshi! Cha pili kilikuwa hofu, maana kumsaidia mtu kama yeye wakati ule kulikuwa kujitafutia mawe kwenye bati lako. Sofi alikuwa nyuma yangu, akanisukuma mgongoni kwa ngumi. Nikaitoa planshi. Grisi ilikuwa imeisha mji mzima, nami nilikuwa na kopo lenye mabaki. Nikayakwangua kwa kidole, nikatia kwenye rulema zote nne. Kalala akachuchumaa, akazungusha moja kwa kidole, ikazunguka nzito. Akainuka, akaifunga kamba.

Tulimbeba Mama Ngalula pamoja na godoro lake. Alikuwa mama mzito, na maumivu hayakumpunguzia ulimi.

"Njo hii Korbiyar? Ferdinand, minye sijakufa."

"Ni jina tu, mama."

"Jina mubaya. Mulinichekesha nayo zamani, leo munanipandisha." Aligeuza kichwa akaitazama cherehani yake, iliyobaki pembeni ya dirisha. "Mashini umupatie Sofi. Mwambie asikaze sana uzi."

Kalala akavuta mbele kwa kamba, mimi nikashika nyuma. Tukaushuka mteremko wetu wenyewe, ule wa kanisani. Uzito wa mama ulivuta, na mimi nikavunja mwendo kwa visigino vyote viwili, viatu vikinuka kuungua. Mashimo yote Kalala aliyajua kwa majina. Alipinda kushoto, akapinda kulia, wala mama hakurushwa hata mara moja. Chini kabisa nikagusa rulema kwa mgongo wa kiganja. Vuguvugu tu. Kavu zingekuwa zimeshika moto pale kwenye kona. Nilitaka kumwambia Kalala aguse, nikaona si wakati wake.

Kwenye njia panda ya kuingilia mjini kulikuwa na vijana wenye fimbo na vyuma, wanakagua nani anapita na anakwenda wapi. Walituona kabla hatujaweza kugeuza.

"Simameni pale! Banani hao?"

Hakuna aliyemwambia Mama Ngalula chochote. Alikivuta tu kikwembe chake kutoka kiunoni mpaka juu ya uso, akafunika kichwa chote, akakunja mikono kifuani, akatulia. Miguu yake mitupu ilibaki nje, imekauka vumbi. Nami ulimi ukajisemea wenyewe:

"Tuko na maiti."

Hapo Kalala akaangua kilio. Sikuwahi kusikia mwanamume akilia hivyo. Aliinama juu ya kamba, mabega yakitetemeka, anamwita mama yake, mama, mama, kwa Kiswahili cha Shituru, kama mtu ambaye kweli amebaki bila mtu. Yule kijana wa mbele aliangalia planshi, akaangalia miguu ile. Fimbo ikashuka. Akavua kofia. Wenzake nao wakavua, wakasogea kando ya barabara, wakajipanga, wakainamisha vichwa, kwa sababu wote walilelewa na mama zetu, na mtoto wa Likasi hata akiwa mkorofi namna gani, msiba ukipita anasimama. "Pole, papa," mmoja akamwambia Kalala.

Tulipita katikati yao polepole. Rulema hazikulia hata moja. Mimi nilisukuma, macho kwenye visigino vya Kalala, na bado, Mungu ananiona, nilikuwa nawaza: hata kulia amenishinda.

Tulipokata kona, sauti ikatoka chini ya kikwembe.

"Bashapita?"

"Bashapita, mama."

"Munifunue basi, joto itaniua kweli."

Kituoni hapakuwa na pa kuweka mguu. Masufuria, magodoro, kuku, watoto waliofungwa kamba wasipotee. Treni ilikuwa na mabehewa ya mizigo, milango wazi, watu wamejaa mpaka juu ya mabati. Mke wa Kalala alitupungia kitambaa kutoka behewa moja. Tulijaribu kumtoa mama kwenye planshi, akapiga ukelele uliogeuza vichwa vyote, basi wanaume sita wakamwinua pamoja na godoro na planshi, wakamsukuma ndani, na palepale nafasi ikaziba. Kuitoa tena ilikuwa haiwezekani.

"Ferdi, planshi yako," Kalala akasema.

"Iache."

Mama Ngalula akainua mkono kutoka kule ndani. "Ferdinand! Hii yako ni muzuri. Ile ya Kalala ingenivunja mara ya pili. Unasikia, Kalala?"

"Nasikia, mama."

Alisema mbele ya watu, kwa sauti yake ile ya kufika kanisani. Nilitamani baba angekuwa hai asikie. Habari zilinifikia baadaye sana kwamba alifika Mwene-Ditu, huko Kasai, akiwa mzima, amelala juu ya mlango wangu wa kabati, na kwamba Kalala alifungua karakana huko, na watu wanatoka mbali kumletea mashine azisikilize. Sikushangaa. Wivu ulinishika hata kwa hilo.

Lakini siku ile tulikuwa bado tumesimama pale, yeye amekaa mlangoni mwa behewa, miguu inaning'inia, mimi chini kwenye mawe ya reli. Akaingiza mkono kwenye furushi la nguo, akatoa ile planshi ya chungwa. Magurudumu mekundu yalikuwa yamefifia, ila bado yalipitisha mwanga.

"Huko hakuna lami, wanasema. Batoto bako batacheza."

Nikaipokea. Ilikuwa nyepesi kuliko nilivyoikumbuka. Filimbi ikapigwa, watu wakaanza kulia na kuimba kwa pamoja, wengine wanatupa mikono kwa walio chini. Nikainua macho kumshukuru Kalala, nikakuta haangalii planshi hata kidogo. Alikuwa ananiangalia mimi, kuanzia viatu mpaka kichwani. Jicho lile nililijua. Lilikuwa langu, mimi ndiye niliyemtazama yeye hivyo tangu tukiwa na meno ya maziwa.

"Ferdi, leo unalala wapi?"

"Kwetu."

"Shituru?"

"Shituru."

Behewa likashtuka, likaanza kwenda. Akashika ukingo wa mlango.

"Weye iko na bahati," akasema.

Maisha yangu yote nilikuwa nimetaka Kalala anionee wivu. Nikageuza uso ili nisimwone.